Asiyekuwapo na Lake Halipo: Kicheko cha Kombania ya Saba



Pengine utastaajabu kuona mwalimu wa chuo anakuandikia khabari ya senema, tena senema ya Wafaransa, tena ya kuchekesha. Usistaajabu. Zamani senema ilikuwa jumba la mjini, na mzazi akijua ni nani kaenda na nani hakwenda. Leo senema imo sebuleni mwetu na mikononi mwa watoto wetu, na wengi wao huijua vita kwa kuitazama kabla hawajaisoma. Na mtu akishaipokea khabari pamoja na kicheko, ni vigumu kumtoa khabari ile moyoni. Basi yatupasa sisi wakubwa tujue kicheko kinasema nini, na kinanyamaza juu ya nini.

Nimechagua mfano mmoja ulio wazi. Mwaka 1973 bwana mmoja wa Kifaransa aitwaye Robert Lamoureux, mtunzi na mchekeshaji mashuhuri wa huko, alitoa senema ambayo jina lake, tukilileta kwa lugha yetu, ni kuuliza: Kombania ya Saba imepotelea wapi? Watu waliipenda mno. Tikiti zilizouzwa Ufaransa zilikaribia milioni 4. Mwaka 1975 akatoa ya pili, akatangaza kwamba Kombania ya Saba imeonekana, na hiyo nayo ikatazamwa na zaidi ya watu milioni 3 na nusu. Mwaka 1977 ikaja ya tatu. Tangu hapo televisheni za Ufaransa zimezirudia mara nyingi sana, hata babu na mjukuu huzicheka pamoja.

Nataka tuitazame khasa ile ya pili, kwa sababu senema ya pili haitengenezwi ila watu wawe wameipenda ya kwanza, na kile watu wanachotaka kukisikia mara ya pili hutuonyesha mioyo yao.

Khabari yenyewe

Khabari ni ya mwezi wa Mei na Juni mwaka 1940, siku ambazo jeshi la Ufaransa lilivunjika mbele ya Wajerumani. Kombania ya Saba ni ya watu wa mawasiliano, yaani wale ambao kazi yao ni kutandaza nyaya za simu na kupeleka amri kutoka kwa mkubwa hata kwa mdogo. Kombania imejificha msituni. Askari watatu wanatumwa waende mbele wakachungulie: Sajini Chaudard, na wenziwe wawili, Pithivier na Tassin. Huku nyuma Wajerumani wanaifikia kombania nzima na kuiteka. Wale watatu wanabaki peke yao katika nchi iliyojaa adui, hawana amri, hawana chakula, hawajui waende wapi. Hatimaye wanapata lori moja la Kijerumani la kuvutia magari mabovu, wanavaa mavazi ya Wajerumani, na kwa hila hiyo wanawaokoa wenzao.

Hapo ndipo ya pili inapoanzia. Ungedhani watu waliokwisha kuokoka wangepumzika. La. Wale watatu wanapotezana na wenzao tena, na mzunguko unaanza upya: mara wako mikononi mwa adui, mara wamechopoka, mara wamevaa nguo zisizo zao, mara mmoja kateleza mwingine kakosea, na sajini anatoa amri asizojua mwenyewe zina maana gani. Chaudard ni Pierre Mondy, Pithivier ni Jean Lefebvre, na Tassin, ambaye mara ya kwanza alikuwa Aldo Maccione, sasa ni Henri Guybet. Lamoureux mwenyewe amejipa sehemu ya kanali.

Wachezaji hawa ni mahodari, na kicheko chao si kicheko kibaya. Hakuna matusi, wala hakumdhalilishi mtu dhaifu. Wale askari watatu si watu waovu. Ni watu wa kawaida waliochukuliwa majumbani na madukani mwao, wakavishwa kofia ya chuma. Katika ile senema ya tatu twamwona Chaudard na duka lake la vyuma, na ukimtazama utamfahamu mara moja: ni muuza misumari, si shujaa. Anaogopa, ana njaa, anawapenda wenziwe. Nani kati yetu asiyemjua mtu kama huyo?

Tena kuna jambo la kusifiwa. Taifa linalojicheka lenyewe lina afya kuliko taifa linalocheka mataifa mengine. Sisi tuna methali kwamba nyani haoni kundule. Wafaransa walilitazama lao, wakacheka. Hilo si dogo.

Lakini, ndugu msomaji, tusiishie hapo. Turudi tukaulize: katika mwaka ule wa 1940 ilikuwaje hasa?

Mwaka 1940 kama ulivyokuwa

Ufaransa ilitangaza vita na Ujerumani tarehe 3 Septemba 1939. Miezi minane ikapita karibu bila vita mpakani. Askari walikaa ngomeni, wakicheza karata na kungoja. Nchi iliutegemea ukuta wake mkubwa wa ngome za chini ya ardhi, uliopewa jina la waziri Maginot, nao ulikuwa imara kweli. Ila haukufika baharini. Mbele ya misitu na vilima vya Ardennes ulinzi ulikuwa mwepesi, kwani wakuu waliamini kwamba jeshi kubwa la vifaru halingeweza kupita pale kwa haraka.

Tarehe 10 Mei 1940 Wajerumani waliingia Uholanzi, Ubelgiji na Luxembourg. Wafaransa na Waingereza wakakimbilia Ubelgiji kuwapinga. Na wakati huohuo vifaru vya Kijerumani vilikuwa vinapita palepale Ardennes. Tarehe 13 Mei vikosi vyao vilivuka mto Meuse karibu na mji wa Sedan. Tarehe 20 Mei walikuwa wamefika pwani, na majeshi bora ya Ufaransa na Uingereza yamezingirwa kaskazini. Kiasi cha askari 338,000 waliokolewa kwa meli kutoka Dunkirk hadi tarehe 4 Juni. Tarehe 14 Juni Wajerumani waliingia Paris. Tarehe 17 Juni Marshal Pétain, mzee wa miaka 84 aliyekuwa amekabidhiwa serikali, alitangaza kwenye redio kwamba mapigano hayana budi kukoma. Tarehe 22 Juni mkataba ukatiwa saini katika behewa lilelile la gari la moshi ambamo Wajerumani walisalimu amri mwaka 1918. Wiki sita, na dola kubwa imekwisha kulala chini.

Kwa nini? Watu wengi hudhani Wajerumani walikuwa na vifaru vingi zaidi. Sivyo. Vifaru vya Ufaransa havikuwa vichache kuliko vya adui, na vingi vilikuwa na chuma kinene zaidi. Lakini vifaru vya Wajerumani vilikuwa na redio, kila dereva anasikia amri, na vya Wafaransa vingi havikuwa nayo. Jemadari mkuu, Gamelin, alikaa katika ngome ya Vincennes karibu na Paris, na makao yake yale hayakuwa na mtambo wa redio. Amri zilikwenda kwa simu za waya ambazo mabomu yalizikata, na kwa matarishi wa pikipiki waliokwama katika barabara zilizojaa wakimbizi. Amri iliyoandikwa asubuhi ilifika wakati mji unaotajwa ndani yake umekwisha kutekwa.

Sasa tazama, ndugu yangu, jinsi mzaha ulivyoigusa kweli. Kombania iliyopotea katika senema ni kombania ya mawasiliano. Watu wa kupeleka khabari ndio wasio na khabari. Hapo Lamoureux hakutunga. Hapo alipiga penyewe. Jeshi zima la Ufaransa mwaka ule lilikuwa Kombania ya Saba.

Ila lipo jambo moja ambalo senema imelipindua. Ukitazama senema utaondoka ukidhani kwamba Ufaransa ilishindwa kwa sababu ya kina Chaudard na Pithivier, watu wazito wa kutembea na wepesi wa kukosea. Kumbe aliyekosea si muuza misumari. Aliyekosea ni aliyekaa ngomeni bila redio. Mara nyingi duniani mdogo huchekwa kwa kosa la mkubwa, na mkubwa hufa na nishani zake.

Alikuwako mtu mmoja aliyeliona hilo kwa macho yake. Jina lake Marc Bloch, mwanachuoni mkubwa wa taarikh, mwalimu wa chuo kikuu, baba wa watoto sita. Vita vilipoanza alikuwa na miaka 53 na angeweza kukaa nyumbani, lakini akaomba kwenda, akapewa ukapteni na kazi ya kugawa petroli katika Jeshi la Kwanza. Aliondoka Dunkirk kwa meli, akarudi Ufaransa kupitia Uingereza, na tarehe 18 Juni alikuwa katika mji wa Rennes wakati Wajerumani walipoingia. Kapteni Bloch alifanya nini? Alivua mavazi ya kijeshi, akavaa nguo za raia, akaenda hotelini akaandikisha jina lake la kweli na kazi yake ya kweli, mwalimu. Wajerumani wakimtafuta ofisa, nao hawakuwa na shaka na mwalimu mwenye mvi.

Kisa hiki kingefaa kabisa kutiwa katika ile senema ya pili. Mtu angecheka. Lakini Bloch hakuishia kwenye kuvua nguo. Miezi ileile ya mwaka 1940 alikaa akaandika kitabu juu ya kushindwa kule, akawahesabia majemadari makosa yao, akawahesabia wanasiasa, akawahesabia waalimu, na akajihesabia mwenyewe. Kisha akaingia katika jeshi la siri la kuipinga dola ya Kijerumani. Wakamkamata, wakamtesa, wakamuua kwa risasi tarehe 16 Juni 1944. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1946, yeye hayupo.

Na tuwakumbuke waliokufa katika zile wiki sita. Hesabu za zamani ziliwafikisha askari wa Ufaransa 90,000. Hesabu za karibuni zinakaribia 60,000. Hata tukiichukua ndogo, hiyo ni sawa na watu zaidi ya elfu kila siku. Jeshi linalokimbia tu halifi namna hiyo. Na waliotekwa walikuwa kiasi cha milioni 1 na laki 8. Wengi wao walipelekwa Ujerumani, wakafanyishwa kazi mashambani na viwandani miaka mitano, wake zao wakilea peke yao. Senema ilipotoka mwaka 1975 watu hao walikuwa bado hai, wana miaka sitini na kitu, wamekaa katika viti vya jumba la senema. Katika senema mateka huponyoka baada ya muda mfupi. Nadhani wengine walicheka kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza walipopewa ruhusa ya kutazama mwaka ule bila kuinamisha uso. Hatuna haki ya kuwalaumu.

Wakati wa kucheka na wakati wa kunyamaza

Yafaa pia tujue kwamba katika miaka ileile palikuwa na watu waliotaka kusema bila ya mzaha. Marcel Ophüls alitengeneza senema ndefu ya mashahidi, watu wa mji wa Clermont-Ferrand wakieleza waliyoyafanya chini ya Wajerumani: nani alipinga, nani alinyamaza, nani alishirikiana na adui. Ilikwisha mwaka 1969. Majumba ya senema yaliionyesha mwaka 1971, lakini televisheni ya nchi haikuionyesha mpaka mwaka 1981. Na mwaka 1973, mwaka uleule ambao Kombania ya Saba ilipotea, kilitoka kwa Kifaransa kitabu cha Mmarekani Robert Paxton, kilichothibitisha kwamba serikali ya Pétain ilijitolea yenyewe kushirikiana na Wajerumani.

Basi mizani ilikuwa hivi: kweli chungu ilisimamishwa mlangoni, na kicheko kilikaribishwa ndani na kupewa kiti. Simlaumu Lamoureux, yeye aliuza alichokuwa nacho, wala hakudai kuwa anaandika taarikh. Lakini wazee wetu walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Jeraha likifunikwa kwa kicheko bila kusafishwa, haliponi.

Wasioonekana

Sasa nafika penye jambo lililonifanya nikuandikie. Katika jeshi lile la Ufaransa walikuwamo watu ambao hadithi ya Kombania ya Saba haikuwatengea nafasi. Walikuwamo Waislamu wa Morocco, Algeria na Tunisia. Walikuwamo watu wa Senegal, Guinea, Mali, Niger na nchi jirani, ambao wote kwa jumla waliitwa askari wa Senegal hata kama hawajaiona Senegal, na wengi wao walikuwa wenye kusali na kufunga kama wewe na mimi.

Tarehe 14 na 15 Mei 1940, huko Gembloux katika Ubelgiji, Divisheni ya Kwanza ya Morocco ilisimama mbele ya vifaru vya Kijerumani ikavizuia. Wakati watu wanasema jeshi la Ufaransa lilikimbia, watoto wa Fez na Marrakesh walikuwa wamelala katika mashamba ya ngano, hawakukimbia. Makaburi yao yako Chastre, jirani na pale, na majina yaliyoandikwa juu yake ni majina ambayo sisi huwapa watoto wetu siku ya saba.

Mwezi wa Juni, kwenye mto Somme, kijiji cha Airaines kililindwa na askari wa makoloni. Kapteni mmoja alikuwa Mwafrika wa Gabon, Charles N'Tchoréré. Hakuwa wa dini yetu, lakini heshima ni yake. Walipokwishiwa na nguvu na kutekwa, tarehe 7 Juni, Wajerumani walitaka kumtenga na maofisa weupe wenziwe. Akakataa, akasema yeye ni ofisa wa jeshi la Ufaransa. Wakampiga risasi. Mwanawe naye alikufa vitani kwenye mto huohuo siku chache tu baada yake.

Na tarehe 19 Juni, siku mbili baada ya Pétain kutangaza kwamba mapigano hayana budi kukoma, Kikosi cha 25 cha askari wa Senegal kilikuwa kingali kinapigana mbele ya mji wa Lyon, katika kijiji cha Chasselay. Walipigana mpaka kesho yake, risasi zikawaishia, wakasalimu amri. Wajerumani wakawatenga weupe upande mmoja na weusi upande mwingine. Weusi, wapatao 50, wakapelekwa kiwanjani na kumiminiwa risasi. Na hapo hapakuwa peke yake. Mtaalamu mmoja wa taarikh aliyezichimbua khabari hizi amekisia kwamba mateka weusi waliouawa namna hiyo katika Mei na Juni 1940 ni kati ya 1,500 na 3,000.

Mfaransa mmoja wa eneo lile, Jean Marchiani, hakukubali maiti wale wabaki wametawanyika mashambani. Akawakusanya, akanunua kiwanja, akajenga makaburi yenye ukuta mwekundu wa namna ya majengo ya Afrika Magharibi, na udongo ukaletwa toka Dakar kuchanganywa na ule wa pale. Yalifunguliwa tarehe 8 Novemba 1942, Ufaransa ikiwa bado chini ya Pétain. Wamelala humo karibu watu 200. Mtu mmoja mwenye haya ameweza kufanya hivyo wakati dola nzima imenyamaza.

Waliobaki hai hawakupelekwa Ujerumani. Wajerumani hawakutaka watu weusi katika ardhi yao. Wakawekwa katika kambi ndani ya Ufaransa miaka minne. Waliporejeshwa Senegal mwaka 1944 walidai mishahara yao ya siku za utekwa. Tarehe 1 Desemba 1944, katika kambi ya Thiaroye karibu na Dakar, jeshi la Ufaransa, lile walilolipigania, likawapiga risasi. Serikali ilitaja waliokufa 35, na watu wengi hawajaikubali hesabu hiyo mpaka leo. Ilichukua miaka 80, hata Novemba 2024, kwa rais wa Ufaransa kukubali kwa maandishi kwamba yale yalikuwa mauaji ya halaiki.

Wazee wetu walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Katika senema ya kuchekesha askari wa Chasselay hakuwapo, na lake likawa halipo. Miaka na miaka mtoto wa Ufaransa alimjua Pithivier kwa jina na kwa sura, na hakujua kama kuna Mwislamu wa Guinea aliyekufa akiulinda mji wa Lyon.

Ndipo Waafrika wenyewe wakashika kamera. Mwaka 1988 Ousmane Sembène wa Senegal, pamoja na Thierno Faty Sow, walitoa senema juu ya Thiaroye, nayo ikapata tunzo kubwa huko Venice. Mwaka 2006 Rachid Bouchareb, mwenye asili ya Algeria, alitoa senema juu ya askari wa Afrika Kaskazini walioikomboa Ufaransa. Tangu sheria ya mwaka 1959, pensheni za askari wa makoloni zilikuwa zimegandishwa, mzee wa Morocco akipata sehemu ndogo tu ya anayopata mwenziwe wa Ufaransa aliyekuwa naye bega kwa bega. Senema ile ilipotoka serikali iliona haya, na kuanzia mwaka 2007 malipo hayo yakapandishwa. Wengi walikuwa wamekwisha kufa, lakini waliobaki walipata. Usiidharau senema, ndugu msomaji. Inaweza kufunika haki, na inaweza kuifukua.

Sisi tunahusika vipi

Pengine utasema: hayo ni ya Ufaransa, sisi watu wa Pwani yatuhusu nini? Yatuhusu kwa njia iliyo karibu. Ufaransa ilipoanguka mwaka 1940, makoloni yake yaligawanyika. Kisiwa kikubwa cha Bukini, ambacho leo watu hukiita Madagaska, kilibaki upande wa Pétain, na visiwa vya Ngazija pamoja nacho. Waingereza waliogopa Wajapani wasije wakavitumia kuzifunga njia za Bahari ya Hindi. Tarehe 5 Mei 1942 wakashuka Diego Suarez. Mwezi wa Septemba, katika mapigano ya kukimaliza kisiwa kilichobaki, walikuwamo keya wa Kenya, Tanganyika na Nyasaland. Vita vile vilikwisha Novemba mwaka huohuo. Kwa hivyo makosa ya wakuu wa Paris yaliwafikisha vijana wa Afrika ya Mashariki katika milima ya Bukini, wakipigana na Waafrika wenzao waliovishwa kofia za Kifaransa.

Keya hao wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Waliporudi walifanya nini? Katika nyumba nyingi walichekesha. Waliwasimulia watoto jinsi walivyopiga kwata, jinsi sajini alivyowatukana kwa Kiswahili kilichovunjika, jinsi mwenzao alivyoogopa meli. Watoto wakacheka, mzee akacheka, na yale mengine akayanyamazia. Basi nasi tumekuwa na Kombania ya Saba yetu. Tulipewa upande wa kicheko, tukaridhika, hatukuuliza zaidi.

Ibra

Mzaha haukukatazwa. Mtume wetu (s.a.w.) alifanya mzaha na masahaba zake, na katika mzaha wake hakutoka nje ya kweli. Hiyo ndiyo mizani, na kwa mizani hiyo kicheko cha Lamoureux kimo nusu kwa nusu: kimesema kweli juu ya jeshi lisilo na khabari, na kimeacha kweli juu ya nani alikosea na nani alikufa.

Kwa hivyo sisemi uwafukuze watoto wanapotazama senema za vita, za Ufaransa au za kwingine. Kaa nao. Wakicheka, cheka pamoja nao penye kuchekesha. Ikimalizika, waulize maneno matatu: Amri ilitoka kwa nani? Aliyelipa ni nani? Na nani hakuonyeshwa? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo hadanganyiki upesi, si na senema, si na gazeti, si na mwanasiasa.

Na la mwisho. Kama katika ukoo wenu alikuwako keya, au askari wa jeshi lolote la wakoloni, au mchukuzi aliyelazimishwa, tafuta sasa hivi kilichobaki: nishani ndani ya kasha, kitabu cha mshahara, picha, barua. Muulize bibi au shangazi aliye hai, aliyeachwa nyumbani akingoja. Andika jina lake kamili na la baba yake, alikokwenda, mwaka alioondoka na mwaka aliorudi, au kwamba hakurudi. Usiandike ya kuchekesha tu. Andika na alilolia. Makaburi ya Chasselay yalijengwa na mtu mmoja ambaye wale maiti hawakuwa hata jamaa zake. Sisi wa kwetu ni damu yetu, na kinachotakiwa ni kalamu na daftari la shule.

Wallahu a'alam.